Sakafu ya Wimbo wa Nane

Nilishusha kodi ya nyumba ile mara tatu, na mara zote tatu mama mwenye nyumba alikubali kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mtu aliyekulia sokoni angesimama hapo hapo, avae viatu vyake na kuaga. Mimi nilijipongeza. Nilirudi dukani kwangu Dilala nyuma ya pikipiki nikiwaza kwamba umri umeninoa ulimi.

Ninauza vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika: ampli, spika tunazoziita bafle, mikro za kuimbia, kebo. Baba yangu alikuja Katanga kutoka Maniema na lori moja lisilo na breki za kuaminika, akanifundisha kuswali na kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza, alisema, unahesabu vitu. Mara ya pili unamhesabu anayekutazama ukihesabu. Siku ile nilihesabu vitu mara mbili. Mama mwenye nyumba sikumhesabu hata mara moja.

Nyumba yenyewe niliitafuta kwa ajili ya mzee mmoja mwimbaji. Alikuja dukani mwezi wa tisa, wakati vumbi linaingia hata kwenye chai yenye kifuniko. Kila mtu wa rika langu hapa Kolwezi anaijua sauti yake. Aliimba katika okestra ya wafanyakazi, enzi ambazo kampuni ya migodi ilikuwa na okestra, na timu ya mpira, na maziwa ya watoto. Mchana alishuka shimoni. Jioni alivaa koti jeupe na kuimba rumba. Aliimba kwenye arusi ya wazazi wangu. Okestra ilikuwa na watu kumi na saba. Aliponitajia walio hai, vidole vya mkono mmoja vilitosha, na viwili vilibaki bila kazi.

"Nataka kutosha albamu, itoke inje," alisema. "Ya mi peke yangu. Ya rock."

Nilimtazama. Alikuwa amevaa kofia ya sufu katika joto lile.

"Rock, tata?"

"Rock. Gitaa ya kupiga kelele, na mguu. Rumba inaomba, mutoto yangu. Miaka makumi ine niliomba. Sasa nataka kudai."

Kisha akakohoa. Ni kikohozi cha watu wa shimoni, kile kinachoanzia magotini na kufika kinywani kimechoka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vumbi la mawe limekaa kifuani na halina nia ya kuhama. Naye alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake: pumzi iliyobaki ilitosha nyimbo nane, ikiwa hatapoteza nyingine kwa maneno. Maisha yake yote hakuwa na hata kanda moja yenye jina lake peke yake. Juu ya kila kanda liliandikwa jina la kampuni. Alitaka nyimbo nane kabla mvua haijaanza kumbana kifua. Baada ya hapo, alisema, kifua kifanye kinachotaka.

Tukakubaliana. Mimi nitatafuta chumba, nitaazima vyombo, na nitakuwa muuzaji pekee wa albamu katika mji mzima. Nilianza kudai nusu, tukaishia theluthi. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba ndani ya theluthi hiyo nilikuwa nimetoa na jenereta yangu. Mzee aliyestaafu, mwenye pumzi za kuhesabu, na bado alinishinda. Hilo lilipaswa kuwa onyo la kwanza kwamba mwaka ule haukuwa wangu.

Nyumba ilikuwa Kapata, katika safu za nyumba za zamani za kampuni, zote zina uso mmoja. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa mfanyakazi. Aliishi kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Tulikwenda kuiona watatu: mimi, mzee, na fundi wa sauti, dada wa miaka thelathini hivi aliyejifunza kazi redioni na aliyezungumza na watu kama anavyozungumza na mashine, anabonyeza kisha anasubiri.

Sebule ilikuwa hatua nane kwa sita. Nilihesabu madirisha mawili, soketi nne, moja imekufa. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, kama walivyopenda wake wa wafanyakazi. Mzee hakutazama ukuta wala dari. Alivua kiatu cha kulia, akasimama katikati, akapiga sakafu kwa kisigino.

Sauti ilishuka, ikakaa kidogo huko ilikokwenda, kisha ikarudi imenona.

Fundi alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. "Hii besi haiuzwe," alisema. "Tutaweka mikro chini, ngoma tutaacha."

Mzee akapiga tena, kwenye kona, kisha karibu na mlango. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri jibu.

"Njo hii yenyewe," alisema.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la nje lenye kufuli, limefunikwa kwa bashi, lile turubai la rangi ya chungwa.

"Kule muko nini, mama?" niliuliza.

"Makala ya kupikia. Musifungue, mutachafuka."

Nikaanza kushusha bei, naye akaanza kukubali. Mwisho akaweka sharti moja tu.

"Mupige kila siku. Saa mbili mpaka saa kumi. Na mupige kwa nguvu."

"Na majirani?"

"Majirani bote ni bazee, masikio yabo ilikwisha. Banapenda kelele, inabakumbusha kazi."

"Ijumaa mi naenda kuswali, mama."

"Weye uende, tata. Muzee abakie, apige."

Nikamwambia fundi njiani kwamba mwishowe tumempata mwenye nyumba anayependa sanaa.

Tulibandika ukutani trei za mayai ili sauti isirukeruke. Nilizihesabu mara mbili: mia mbili na kumi na nne. Tukaanza kazi. Kila asubuhi, kabla hajagusa gitaa, mzee alitembea na mguu wake mtupu akipiga sakafu mahali patatu: kona, katikati, mlangoni. Nilidhani anapasha mwili joto. Kisha alikaa, akawasha gitaa, na ile nyumba ndogo ikajaa kitu ambacho sijui nikiiteje. Hakuimba kama zamani. Zamani sauti yake ilikuja imevaa koti. Sasa ilikuja mikono mitupu, inakwaruza, inagonga mlango wa mtu inayemfahamu. Aliimba kuhusu taa ya kofia inayozimika, kuhusu mke anayehesabu wanaume wanaoteremka kwenye basi la kampuni, kuhusu pensheni. Na chini ya kila neno kulikuwa na kisigino chake na ile sauti iliyonona.

Wimbo mmoja ulichukua siku mbili, mwingine siku nne, kwa sababu ya kikohozi. Siku ya sita nilikuta trei tatu za mayai zimeanguka. Nikalaumu gundi. Siku ya tisa zilianguka kumi na moja, zote za ukuta mmoja. Nikalaumu gundi kwa sauti kubwa zaidi, maana niliinunua mwenyewe. Chini ya dirisha palikuwa na ufa ambao njiti ya kiberiti haikuingia tulipohamia. Siku ya kumi na mbili ziliingia njiti mbili, zimelala pamoja.

Kisha, nyimbo saba zikiwa tayari, fundi akaanza kunitazama vibaya.

"Kebo yako iko na shida," alisema. "Kwa kaski, huku masikioni, ninasikia tik, tik, tik. Ndani ya kila wimbo."

Nilibadilisha kebo. Tik, tik. Nikabadilisha mikro. Nikazima jenereta, tukabaki na mashine ndogo na ampli ya gitaa, zote za betri, na mikro moja sakafuni. Fundi akanivisha kaski, akamwambia mzee apige gitaa kwa nguvu kisha aache ghafla. Ndani ya kelele za gitaa, mbali kabisa, chuma kilikuwa kinagonga jiwe. Mzee alipoacha, chuma kiligonga mara tatu zaidi, kikanyamaza.

"Tena," nilisema.

Akapiga. Chuma kikarudi. Akaacha. Tatu, kimya.

Tulifanya hivyo mara mbili, kwa sababu mimi ni mimi, kisha mara ya tatu kwa sababu niliogopa. Tukipiga, walioko chini wanafanya kazi. Tukinyamaza, wanatusubiri.

Nilivua kaski nikatazama sakafu ile nyekundu yenye nta. Sikumbuki nilivyofika mlangoni; nakumbuka nilitembea kwa vidole.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani kwa binti yake, anachambua maharagwe. Hakuuliza kwa nini nimekuja saa za kazi. Alisikia kimya kilichotoka nyumbani kwake, akajua.

"Munafikia wapi?" aliuliza.

"Mama, chini ya nyumba kuko bantu."

"Kuko bacreuseurs, bachimbaji ba mukono. Kila mahali kuko bacreuseurs." Akatupa haragwe bovu. "Ya kwangu bako na adabu. Banalipa kila kiloba ya mawe inapotoka."

"Na sisi?"

"Nyi ni kelele. Bila kelele, chefu wa cité, ule wa mutaa, anasikia nyundo, anakuya na polisi, anafunga. Mbele nyi mukuye, nilikuwa na mutu wa mashini ya kusaga. Mashini ilikufa." Akanitazama kwa upole, na upole ule uliniuma. "Ulifikiri ulinishinda bei, eh?"

"Nilifikiri hivyo, mama."

"Ungesema bure, ningekubali. Ningewapikia na bukari ya mahindi."

Miaka ishirini na mitano ya soko, nikainama nikaanza kumsaidia kuchambua maharagwe. Alisema mumewe alifariki akisubiri malipo, na nyumba ndiyo kitu pekee kilichotoka kwenye kazi yake yote. Chini yake kuna jiwe la kutengenezea betri linalotafutwa na dunia nzima. Angefanya nini, akalie hilo jiwe na njaa? Siku tatu zimebaki, alisema, kisha mvua itaingia mashimoni na hakuna atakayechimba. "Mumalize, na bo bamalize."

Niliporudi, mzee alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

"Ulijua," nilimwambia.

Hakukataa. Mgodini, akaniambia, hakuwa mchimbaji. Alikuwa mpiga dari. Kabla kundi halijaingia, yeye alitangulia na fimbo ya chuma, akagonga mwamba wa juu na kusikiliza. Mwamba mzima unalia kama kengele. Mwamba uliopasuka unatoa sauti ya ngoma. Walimpa kazi ile kwa sababu ya masikio yake ya uimbaji, na katika zamu zake hakufa mtu.

"Siku ya kwanza nilifikiri ni shimo ya zamani, hakuna mutu. Udongo ilikuwa mita mbili na zaidi. Nilihesabu: nyimbo mnane, siku makumi mbili. Ilikuwa inatosha."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya sita njo nilibasikia." Alitazama kisigino chake. "Nilikuwa na nyimbo tano zimebaki, mutoto yangu. Na ile sauti, ile ya chini, niliitafuta maisha yote. Kila asubui ninapiga mahali patatu. Kila asubui inakuwa muzuri zaidi."

Fundi alikuwa nyuma yetu. "Inakuwa muzuri juu ya vile udongo inakuwa nyembamba," alisema.

"Njo vile."

"Leo imebaki ngapi?"

Mzee aliweka kiganja chake kifuani, akakishusha hadi kwenye goti: udongo uliobaki haukuzidi hapo.

Nilipendekeza tuhamie ghala la rafiki yangu kule Dilala. Tulikwenda siku hiyo hiyo, mzee akapiga sakafu ya ghala, ikajibu kama mtu aliyeamshwa kuulizwa njia. Aliimba nusu ya wimbo wa nane, akasimamisha. Nilidhani ni ubishi wa msanii. Lakini alikuwa anawaza jambo jingine.

"Mama atatafuta kelele ingine," alisema. "Bo hawatatoka. Lazima nibaambie batoke, na mi najua namna."

Zamani, mpiga dari alipogundua hatari hakupiga kelele, maana shimoni sauti ya mtu hupotea. Aligonga mwamba mara tano, akanyamaza, akagonga tano tena. Mtu yeyote aliyesikia aliacha kila kitu na kutoka, hata injinia, hata mwizi wa nyaya. Wimbo wa nane ungejengwa juu ya ile tano. Angepata wimbo wake, nao wangetoka. Hesabu ilikaa vizuri, na hesabu ikikaa vizuri mimi huwa naacha kuuliza.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabomba ya viwanda. Fundi alipitisha kebo dirishani akakaa nje na mashine yake. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na nisingependa kuulizwa uzito ulikuwa kwenye mguu upi. Mzee aliingia peke yake. Alipiga gitaa kwa nguvu ili walioko chini waanze kazi. Chuma kikaanza. Kufikia siku ile hakuna aliyehitaji kaski.

Akaimba. Kisha kisigino: tano. Kimya. Tano. Kimya.

Chini, chuma kilisimama.

Niliona mabega yake yakishuka. Alifumba macho, akachukua pumzi, akapiga tano nyingine, za mwisho, kama mtu anayefunga mlango baada ya wageni kutoka.

Na kutoka chini, chuma kikajibu. Tano. Kimya. Tano. Kimya. Sawasawa, bila kuchelewa hata kidogo, nyundo nyingi pamoja.

Walikuwa wanaufurahia wimbo. Vijana wale walikuja kutoka Kasai, kutoka Kivu, kutoka kila mahali ambako habari za Kolwezi zimefika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa kofia ya kampuni. Ile tano ilikuwa lugha ya watu waliokwisha kuzikwa. Walioko chini waliisikia kama muziki, wakapiga nao, kwa nguvu zao zote, kwenye dari la shimo lao.

Trei za mayai zilianza kuanguka. Sikuzihesabu.

Mzee aliweka gitaa chini likiwa bado linavuma, akanipita mlangoni, akaenda jikoni nyuma. Nilivunja kufuli kwa nguzo ya mikro, nzito, ya chuma, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Chini ya bashi hapakuwa na makaa. Palikuwa na shimo la mviringo lenye vikanyagio pembeni, na joto linalotoka ndani kama pumzi ya mtu mgonjwa. Mzee alipiga magoti akaingiza kichwa. Akaita.

Nimemsikia akiimba tangu sijazaliwa, naweza kusema hivyo. Sijamsikia vile. Hakukuwa na maneno, au kulikuwa na neno moja, tokeni, limevutwa mpaka likapasuka. Aliita mpaka kamba ikatikisika na kofia ya kwanza ikaonekana. Wakatoka mmoja mmoja. Nilihesabu tisa. Nilihesabu tena. Tisa.

"Muko ngapi?" nilimuuliza mkubwa wao, kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Kenda, tata." Kisha akamgeukia mzee, amechukia kidogo. "Vieux, muzee yetu, juu ya nini uliacha? Ya leo njo ilikuwa muzuri kupita zote."

Mzee alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Alifungua tena. Akaokota fimbo ya chuma ya kijana yule, akaingia naye sebuleni hadi karibu na mlango tu, akagonga sakafu ili asikie jinsi ilivyo nyembamba. Kijana alisikiliza kwa adabu.

"Tunajua," alisema. "Tuliacha kidogo ya kushika. Ni siku mbili tu, vieux."

Mvua ya kwanza ilianza wakati huo, matone makubwa, yaliyotengana, kila moja na shimo lake vumbini.

Nyumba haikuanguka. Nasema hivyo kwa sababu watu huuliza, na wengine huonekana kama nimewapunja. Sauti ya mzee haikurudi. Daktari anasema huenda, kwa namna ambayo nami humwambia mteja kwamba bafle huenda ikapona. Albamu ina nyimbo saba na wa nane usio na mwisho, na ina jina lake peke yake juu. Ninaiuza kwenye flash. Vijana wa pikipiki wanaruka saba zote na kwenda moja kwa moja kwenye wa nane. Nikimpelekea habari hiyo mzee, huweka kiganja juu ya meza, bila kugonga.

Wiki iliyopita nilipita Kapata. Kwenye ile nyumba kulikuwa na kibao kipya cha kikundi cha maombi, na ndani ngoma tatu na kinanda. Ufa chini ya dirisha ulikuwa umezibwa kwa saruji mbichi. Bashi jipya, kufuli jipya. Mchungaji alinipokea vizuri.

"Mama alitupatia kwa bei ya neema," alisema. "Anaomba tu tusifu kila siku, kwa nguvu. Saa mbili mpaka saa kumi."

Nilimweleza, polepole, bila kuruka kitu. Mvua imepungua, nikasema, wamerudi chini. Alitikisa kichwa kwa huruma. Mama alishamwonya kwamba mpangaji wa zamani, muislamu mmoja muuza bafle, alifukuzwa na anasumbua.

Kwa hiyo nikatoa ushahidi. Nilichomeka flash kwenye spika yao, nikaweka wimbo wa nane, nikapeleka mbele hadi mahali penyewe. Tano. Kimya. Kisha tano kutoka chini.

"Sikia, mchungaji. Ile si ngoma."

Waumini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanawake wengi wao, na watoto mbele sakafuni. Nilikuwa nimewahesabu nilipoingia: arobaini na mmoja. Mama mmoja alianza kutikisa kichwa. Mwingine akapiga makofi, tano, akasubiri, tano. Kufikia mzunguko wa tatu walikuwa wamesimama wote, wanapiga makofi na miguu, mahali sahihi kabisa, na sakafu ile nyekundu ikawaitikia vizuri kuliko ilivyowahi kumwitikia mzee.

Mchungaji aliniinamia sikioni, anatabasamu, ili nimsikie katika kelele zile.

"Mupiga ngoma yako eko muzuri, tata. Anaweza kutukuyia Jumapili?"

Nikawahesabu tena. Arobaini na mmoja.